Mishono Miwili ya Kemunto

Usiniambie ni mabomba ya maji yaliyolia. Kila ninayemsimulia huniambia ni mabomba, na nimechoka.

Rafiki yangu Kemunto, muuguzi tuliyepanga naye nyumba huku ughaibuni, mtaa wa Bordesley Green, alijinyima miaka miwili akaenda Japani na kikundi cha kanisa. Katika kijiji kimoja cha pwani, bibi mzamiaji wa chaza aliwafundisha wageni kushona nyota kwenye kitambaa cha kichwani, kwa uzi mmoja unaorudi pale ulipoanzia, ili anayezama naye arudi juu. Kemunto alifumuliwa kazi yake mara tatu.

"Nikakasirika, dada, nikakitia mkobani vivyo hivyo. Ilibaki mishono miwili tu nyota ifunge!" aliniambia aliporudi.

Februari ya 1972 wachimba makaa waligoma, na umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu. Jioni moja Kemunto alikiloweka kile kitambaa bafuni, kwenye beseni, maana kilikuwa na doa la chai. Taa zikazimika. Akalaani, akaanza kupapasa kiberiti. Nyuma yake maji yakatikisika, halafu ukatoka mluzi mrefu, mwembamba, ule ambao Kemunto aliniambia wazamiaji wa kijiji kile huutoa wakiibuka kuvuta pumzi. Mimi niliusikia nikiwa jikoni, chini.

Nilipopanda na mshumaa, Kemunto alikuwa peke yake, amejibanza mlangoni. Kitambaa kilikuwa ukingoni mwa beseni, kimekunjwa vizuri. Ile mishono miwili ilikuwa imeshonwa. Nikaugusa uzi, nikalamba kidole.

Beseni Kemunto alilijaza maji ya bomba. Uzi ulikuwa na chumvi.