Nyumba ya Magurudumu Juu ya Patsy

Asubuhi ilikuwa ya kawaida, mji wetu wa Mutsamudu umeanika nguo na karafuu zake juani, mamluki mmoja alipomwita shemeji yangu Mouridi. Ilikuwa miaka ile ambayo mzungu mwenye bunduki ndiye serikali. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini kwa kusimulia, kuanzia mtaa wetu wa Hombo hadi soko la Volo Volo kule Moroni, wa kunishinda bado hajazaliwa.

Mbwa wale, yeye na mamluki wenzake, walikuwa wamemfukuza Hassanati, dada yake Mouridi, katika nyumba yake. Nyumba! Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti. Mume huja na sanduku la nguo tu. Wao wakaigeuza bweni, sufuria zake wakazitupa barabarani.

Mamluki yule alikuwa ameletewa na meli gari lenye kitanda, jiko na mapazia. "Niendeshe nizunguke milima yenu," akamwambia Mouridi. "Tukirudi, dada yako atapata ufunguo wake."

Mouridi akameza hasira, akashika usukani.

Wakaipita Patsy, kijiji cha mlimani. Ukungu ukashuka. Kwenye kona, mwanamke aliyepaka liwa usoni alisimama katikati ya barabara. Hakusogea. Mouridi akafunga breki.

"Nyumba hii ya nani, mwanangu?"

"Ya huyu mzungu, mama."

Akacheka kidogo. "Tangu lini mwanamume akawa na nyumba?"

Hasira aliyoimeza Mouridi ikamtoka. "Haina mwenyewe, mama. Ichukue wewe!"

Mjinga! Kila Mnzuani, mtu wa kisiwa chetu, anajua: huko juu humpi kitu mtu usiyeujua ukoo wake.

Mwanamke akaingia kwa mlango wa nyuma. Mamluki akachomoa bastola, akamfuata huku akitukana. Mlango ukajifunga.

Hakuna kelele. Hakuna risasi. Ufagio tu. Shwaa. Shwaa.

Kisha sauti ikanong'ona nyuma ya pazia: "Nenda, mwanangu. Huyu sasa yuko kwa mkewe."

Mouridi alikimbia kwa miguu hadi mjini. Mamluki wengine wakampiga, wakamng'oa meno mawili, wakapanda naye. Wakafungua mlango. Hamna mtu. Kitanda kimetandikwa. Wali unafuka mvuke. Sahani mbili.

Walishuka mbio hadi mjini. Jioni ile ile walimpa Hassanati ufunguo wake. Meno ya shemeji yangu hawakuyalipa, washenzi wale, na mimi sijawasamehe.

Gari walilifungia mnyororo, wakalivuta kwa lori. Mnyororo ukakatika.

Mwaka jana nilipanda mwenyewe kulitazama, mchana kweupe, maana mimi siogopi kitu. Magurudumu yameoza. Majani yamefika madirishani. Lakini mlangoni pamefagiwa. Na kizingitini, zimepangwa kama za mume aliyerudi kutoka shamba, buti mbili za kijeshi.

Nikaingiza mkono.

Zilikuwa na joto.