Mama, Weka Viazi

Helve alitoka nyumbani saa tisa na nusu alasiri, na giza lilishaanza kuingia. Novemba ya Võru, kusini mwa Estonia, ndivyo ilivyo: ukichelewa kumenya viazi, utavimenya kwa taa. Alikuwa anakokota kisleji chake, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuteleza kwenye theluji, na ndani ya kisleji kulikuwa na blanketi na kamba. Anakwenda kuchukua kompyuta. Si mpya, jamani. Mpya angeipata wapi mstaafu wa kiwanda cha maziwa? Ya mtumba, iliyotangazwa kwenye gazeti la wilaya kwa maneno matano tu: “Inauzwa. Nzima. Njoo na kamba.”

Ile ya nyumbani ilikuwa imezeeka vibaya. Kuamka nusu saa, ikiamka inanguruma hadi vikombe vinatikisika kabatini, na tangu kiangazi ilikuwa imezoea kuzimika katikati ya jambo. Kaupo, mtoto wa mdogo wake Helve, ndiye fundi wa ukoo. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akapiga chafya, akacheka.

“Mama mkubwa, la kuvunda halina ubani. Nikikuwekea diski mpya na kumbukumbu mpya humu, tutakuwa tumeshona kiraka kwenye suruali isiyo na matako.”

“Nina yuro sitini.”

“Sitini? Kwa sitini utapata kibodi na pole.”

“Basi nitafutie pole yenye skrini.”

Walicheka wote wawili, lakini Helve alicheka kwa mdomo tu. Ndani ya mashine ile kuukuu mlikuwa na sekunde arobaini na moja, na sekunde hizo ndizo zilizombakiza duniani.

Miaka miwili nyuma, jioni ya barafu, binti yake Maarika alipiga simu nyumbani kupitia kompyuta. Mama yake alikuwa chini ghalani anachota viazi. Hakumpata, akaacha ujumbe wa sauti, anahema kwa baridi, anacheka kidogo: basi limemteremsha kituoni barabara kuu, atatembea, ni kilomita mbili tu, usiwe na wasiwasi. Mwisho akasema, “Mama, weka viazi. Nakuja.”

Viazi viliwekwa. Vikaiva, vikapoa, vikageuka rangi. Gari lilikuwa limeteleza kwenye kona ya msitu wa misonobari likamgonga, na Maarika hakuivuka kona ile.

Tangu siku hiyo, kila jioni saa kumi, Helve alibandika viazi jikoni, akakaa mbele ya kompyuta, akabonyeza. Arobaini na moja. Halafu akala peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kila mtu ana dawa yake.

Lakini kuna jambo jingine alilolifanya, na hilo watu walilinong'ona. Kwetu, jeneza likipelekwa makaburini, msafara husimama msituni, na mwanamume wa ukoo huchonga msalaba kwenye gamba la msonobari. Roho ikitaka kurudi nyumbani, ikifika pale inauona msalaba, inakumbuka kwamba imekufa, inageuka. Siku ya kumzika Maarika, Kaupo alishachomoa kisu. Helve akamshika mkono mbele ya mchungaji na watu wote.

“Mti huo usiuguse. Mwanangu alisema anakuja.”

Basi mti ukabaki mzima, na njia ikabaki wazi.

Nyumba ya muuzaji ilikuwa ya mbao, mwisho kabisa wa mji. Mzee mwenyewe aliitwa Elmar Kängsep. Hakumkaribisha ndani. Kompyuta ilishawekwa nje ya kizingiti, kana kwamba imefukuzwa. Nyuma yake mlango ulitoa harufu ya kahawa iliyoungua na sufu mbichi.

“Ilikuwa ya mke wangu, Salme. Kutwa alikuwa anaitumia kuongea na dada zake walioko Uswidi.”

“Nina sitini,” alisema Helve, tayari kwa mabishano.

“Nipe arobaini.”

Hapo ndipo angegeuza kisleji. Muuzaji anayejishusha bei mwenyewe! Rahisi ghali, wazee walisema. Lakini yuro ishirini ni kuni za wiki nzima, akatoa arobaini.

Mzee alikuwa anazihesabu noti bila kuzitazama. Alikuwa anautazama msitu.

“Una mfu wako?” akanong'ona.

“Nani hana?”

“Mlimchongea msalaba?”

Helve alihisi uso unamwaka. Wenzake waliuliza swali hilo kwa kumsuta, lakini huyu aliuliza kama mtu anayeomba.

“Tulichonga,” akasema.

Uongo.

“Basi salama,” alisema Elmar. “Wewe hutapata shida. Ichukue, mama. Ichukue upesi.”

Njiani Helve alipenyeza mkono chini ya blanketi kuhakiki kamba. Sanduku la chuma, lililokaa nje kwenye baridi ile, lilikuwa na joto... joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Kaupo alikuja asubuhi, akaunganisha nyaya, akahamisha kila kitu: picha, barua, na zile sekunde. Ile kuukuu ilingoja hadi sauti ya mwisho imevuka. Ikashusha pumzi moja ndefu. Ikazimika, wala haikuwaka tena.

“Imekufa kiungwana,” alisema Kaupo. “Hii mpya ina nguvu mara nne. Utasikia hadi inzi aliyekuwa kituoni.”

Jioni, saa kumi, viazi jikoni. Helve akabonyeza. Sauti ilitoka safi hata machozi yakamtoka. *Mama, weka viazi. Nakuja.*

Akanyoosha mkono kuzima.

Sauti haikuwa imeisha.

Kchu... kchu... kchu... Viatu kwenye theluji. Mtu anatembea, anahema. Helve aliganda, mkono hewani. Hatua zikaendelea kwa muda mrefu, kisha zikakatika ghafla.

Alimpigia Kaupo kwa simu yake ya vitufe. “Labda ile kuukuu ilikuwa inakata mwisho,” alisema Kaupo. “Kwani ulitaka nini, mama mkubwa? Umepata nyongeza bure.”

Nyongeza bure. Helve hakulala akiiwaza, na Mungu amsamehe, aliiwaza kwa furaha.

Jioni ya pili hatua zilikuwa nyingi zaidi. Upepo ulivuma kwenye misonobari; aliujua upepo ule, ni wa ile kona. Na hatua zilipoipita kona... zikawa za watu wawili. Moja nyepesi, ya haraka. Nyingine nzito, inaburura.

Jioni ya tatu Helve aliweka sahani mbili, siagi, mkate mweusi, maziwa ya mgando. Alivaa gauni lake la kanisani. Akabonyeza.

Arobaini na moja. Theluji. Upepo. Kona. Hatua nyepesi na zile za kuburura. Halafu ndani ya spika lango likalia, kwiii.

Na lango la nje likalia.

“Mama.”

Sauti ilikuwa ya chini sana. Hakujua imetoka kwenye spika au nyuma ya mlango.

“Maarika! Mwanangu! Ingia, viazi vimeiva.”

“Mama, nimechoka.”

“Njoo upumzike, mama yangu. Njoo.”

“Siwezi. Kila jioni unaniita pale kituoni. Kila jioni natembea kilomita mbili. Nikikaribia... inaisha. Kesho unaniita tena kituoni.”

Helve alishika ukingo wa meza. “Siku zote?”

“Siku zote, mama. Ile mashine ya zamani ilikuwa haina nguvu ya kunifanya nisikike.”

Miaka miwili. Jioni mia saba na zaidi. Helve alijaribu kuhesabu theluji zote zile, na miguu ile, na viatu vile vyepesi vya mjini alivyomkanya asivivae. Akalia kwa sauti kama siku ya msiba.

“Na huyo uliye naye ni nani?”

“Ni mama mmoja. Anamtafuta Elmar. Nimemwambia mimi naijua njia hii moja tu.”

Nje, kitu kizito kiliburura mguu kwenye ngazi.

Helve alikimbilia mlangoni. Aliushika ukomeo. Hiki ndicho alichokitaka, ndicho alichomshikia Kaupo mkono msituni. Mwanawe yuko ubao mmoja tu kutoka kwake.

“Usifungue, mama.”

“Nikuone tu. Mara moja.”

“Usifungue. Sifanani tena na mimi.”

Helve aliweka kiganja kwenye ubao. Upande wa pili baridi ikaingia kwenye mbao, polepole, hadi ikawa na vidole vitano. Alivijua vidole vile. Alikuwa amevikata kucha tangu vikiwa na ukubwa wa njegere.

“Nifanye nini, Maarika?”

“Kaupo ana kile kisu bado?”

Kisha sekunde zikaisha.

Asubuhi alimpigia Elmar kabla hata ya kunywa kahawa.

“Ulinidanganya,” alisema mzee baada ya kumsikiliza. “Ulisema mmechonga.”

“Na wewe ulisema unauza kompyuta!”

Mzee akaanza kulia, kilio kikavu cha mtu asiyekizoea. Alikuwa akimsikia mkewe kila jioni, alisema, anamwita kutoka mle ndani. Alidhani mashine ikitoka, naye Salme atatoka nayo, na huko aendako atakuta njia imefungwa, apumzike.

“Basi nenda kamchongee leo. Chukua kisu uende.”

“Miaka arobaini na sita nimeishi naye, mama. Nimekwenda hadi kwenye mti mara tatu. Mkono haunyanyuki.”

“Na watoto wenu, hawawezi kumchongea?”

“Hatukujaliwa.”

Helve alikuwa ameandaa matusi ya kutosha. Angemtukana kwa lipi, yeye aliyeuzuia mkono wa mwenzake?

Adhuhuri alikwenda msituni na Kaupo. Kwa mara ya kwanza maishani Kaupo hakuwa na utani. Aliuendea ule msonobari wa siku ya mazishi, uliokuwa umesimama kati ya misonobari mingine yenye misalaba, ya zamani na mipya, mmoja wa babu yake mwenyewe.

“Mama mkubwa, nikiuchonga haufutiki tena.”

“Chonga.”

Kisu kilikwangua gamba. Utomvu ukatoka, harufu yake kali ikajaa puani. Helve alisimama akiutazama msalaba ukikua, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Mara mbili alitaka kumshika Kaupo. Mara mbili alijishika mwenyewe.

“Ni hapa, mwanangu,” alisema ulipokwisha. “Ukifika hapa, geuka. Mama amekula. Mama hajambo.”

Alikuwa hajala kitu tangu jana.

Jioni hakutaka kuigusa kompyuta, akaigusa. Ilikuwa saa kumi, na mikono ilishamenya viazi bila kumuuliza. Alijiambia ni mara ya mwisho, amuage tu. Akabonyeza.

Basi limemteremsha. Atatembea. Kilomita mbili tu. *Mama, weka viazi.*

Kimya.

Hakuna theluji. Hakuna hatua. Alirudisha nyuma, akabonyeza tena, sikio kwenye spika. *Mama, weka viazi.* Basi. Lile neno la mwisho, lile lililomwamsha kila asubuhi kwa miaka miwili, halikuwamo. Sekunde zilikuwa thelathini na tisa.

Kaupo aliangalia baadaye, akaapa kwamba hakuna aliyeligusa faili lile. Tarehe ilikuwa ileile ya usiku wa ajali. Hakutaka kuliongelea tena, na hadi leo ukimtania kuhusu kompyuta za mtumba haitikii.

Helve alikaa. Hakulia. Alisikia kitu kikimtoka kifuani, taratibu, na mahali kilipokuwa pakabaki pakavu. Amefika, alijiambia. Hatembei tena. Mwanangu hatembei tena. Akauchomoa waya wa kompyuta ukutani, akainuka kumwaga maji ya viazi.

Nje, lango likalia.

Hatua zilikuwa za mtu mmoja. Nzito. Zinaburura. Zikapanda ngazi, moja... mbili... tatu, zikasimama. Skrini ilikuwa nyeusi, waya uko sakafuni.

Mlango ukagongwa kwa adabu, mara mbili, kama agongavyo mgeni asiye na uhakika wa nyumba.

“Elmar?”

Helve alishika sufuria kwa mikono yote miwili.

“Elmar hayupo hapa, mama,” alisema. “Umepotea. Rudi kwako.”

“Najua hayupo,” sauti ikanong'ona. “Nilikuwa nakuja na msichana. Ameona kitu kwenye mti, akageuka. Mimi sikuona kitu.”

Upepo ulipita. Mbao za ngazi zikalia chini ya uzito uliohamia mguu mwingine.

“Kuna baridi, mwanangu. Naomba nikae kidogo.”

Helve alitazama mlango, kisha akatazama sufuria. Kwa mazoea, alikuwa amebandika viazi vya watu wawili.