Mpangaji wa Sikio la Kushoto

Usaha wa yule fundi cherehani ulinuka kuliko usaha unavyoruhusiwa kunuka.

Tabibu wa zamu, ambaye wenzake walimbandika jina la Mama Masikio, hakuwa mtu wa kuziba pua ovyo. Kwa miaka kumi na moja katika kliniki ile ya wagonjwa wasio na miadi, alikuwa ameshatoa masikioni mwa watu mende, punje za maharage na pamba zilizoota ukungu, kisha akala chakula chake cha mchana kwa raha zake. Lakini asubuhi ile, alipoinamia sikio la kushoto la yule mwanamke, alijikuta amegeuza uso ukutani. Ilikuwa harufu ya dekio lililosahauliwa ndooni wiki nzima, na chini yake utamu fulani, ule wa tunda lililooza ndani ya mfuko.

"Limeanza lini hili, mama?" aliuliza akipumulia mdomoni.

"Zamani," fundi alijibu. Alikuwa akiitazama mikono ya tabibu.

Mama Masikio aliingiza kidomo cha plastiki cha ile tochi ya masikio, akachungulia. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka. Nyuma ya tundu, ndani ya ute wa kijani, kitu kilifumba na kufumbua. Alijiambia ni mng'ao wa taa. Akakausha usaha kwa pamba, akaandika dawa ya matone na vidonge vya siku saba, akaonya maji yasiingie. Kisha akakipangusa kidomo kwa spiriti, na kumwita anayefuata.

Vidomo vile ni vya kutumia mara moja na kutupa. Kila mtu pale alijua. Ila boksi jipya lilikuwa stoo, stoo iko mwisho wa korido, na benchi lilikuwa limejaa watu wanaoguna. "Spiriti inaua kila kitu," Mama Masikio alipenda kusema. Uvivu haukosi maneno mazuri.

Basi kidomo kikaingia sikio la muuza viatu, kikapanguswa. Kikaingia la mwalimu wa hesabu, kikapanguswa. Saa kumi jioni kikaingia la Kitinda, binti wa mwisho wa Mama Masikio mwenyewe, mwenye miaka saba, aliyempitia akitoka shule na kulalamika kwamba sikio linamwasha.

"Ni uchafu kidogo tu, mwanangu," alimwambia. Akakitupa kidomo pipani. Kesho yake akafungua boksi jipya, roho safi.

Siku ya tatu Kitinda alishindwa kuinua kichwa. Foronya ilikuwa imegandana na shavu lake, na mama yake alipoibandua, usaha mzito kama uji uliopoa ulivutika kwa nyuzi, na ndani ya zile nyuzi mlikuwa na nywele, nyeusi, ndefu, ambazo hazikuwa za mtoto. Mama Masikio alikimbilia sinki, akatapika. Alimpa matone, akampa vidonge, akamchoma sindano. Harufu ikazidi. Nzi wakaacha jikoni, wakahamia chumba cha mtoto. Kuna dakika moja, wakati akimfuta, alimchukia yule mtoto aliyemzaa mwenyewe, akatamani kumsukuma mbali. Kisha akajichukia zaidi, akamkumbatia na uvundo wake wote.

"Mama," Kitinda alinong'ona, "huyu wa ndani anasema mkono wako ni mwepesi wa kumbeba."

Siku hiyo hiyo mwalimu wa hesabu alirudi kliniki. Sikio lake lilikuwa kavu, safi, halina hata nta. Halikusikia kitu.

"Daktari, usinione kichaa," alisema akichungulia mlangoni kwanza. "Siku ile ulipochomoa kile kidude, nilisikia mtu ananiambia, asante kwa malazi. Halafu kimya. Kimya mpaka leo."

Muuza viatu alikuja mchana na maneno yale yale.

Mama Masikio alifungua daftari la wagonjwa, akafuata masikio ya kushoto kwa kidole: Kitinda, mwalimu, muuza viatu, fundi cherehani. Hakuvua hata koti. Alimkuta fundi kwenye kibanda chake, anapindia suruali, mchangamfu kama bibi harusi.

"Ulijua," Mama Masikio alisema.

Mashine ilisimama. "Nilijua. Nimekaa nalo miaka tisa, daktari. Mume alinikimbia kwa harufu. Wote walionisomea na kunifukiza waliniambia hilo jini halifukuzwi, linahamishwa tu, sikio kwa sikio, kwa kitu kile kile."

"Kliniki ziko nyingi!"

"Nilizizunguka. Kote wanavitupa vidomo." Fundi alishusha macho. "Kwako nilikaa kwenye benchi siku mbili, nikakuona unapangusa."

Mama Masikio aliitazama mikono yake mwenyewe. Angemtukana nani?

Asubuhi iliyofuata alimkalisha Kitinda kwenye kiti cha wagonjwa, akafunga mlango. Nje benchi lilikuwa limejaa kama kawaida, na mama mmoja alikuwa akimbembeleza mwanawe mchanga aliyelia kwa sikio, na kile kilio kilipopenya mlangoni Kitinda aligeuza shingo polepole, ute ukimchirizika hadi kwenye kola ya gauni, akatabasamu tabasamu la mtu mzima, akasema kwa sauti nzito iliyotoka kwenye sikio wala si mdomoni, "Yule mdogo. Bado laini. Mwite yule, nikuachie huyu wako."

Na kweli mkono wa Mama Masikio ulishika kitasa. Aliwaza jinsi ilivyo rahisi, dakika mbili tu, kuchungulia huku na kuchungulia kule, hakuna atakayejua, dunia imejaa watoto wenye usaha. Akawaza hayo yote huku akisikia yule mama wa nje akiimba kwa sauti iliyochoka. Akaachia kitasa.

Alimwinamia bintiye, akaingiza kidomo ndani kabisa, mpaka kitu laini, chenye joto, kikakishika kutoka upande wa pili. Akakichomoa kimejaa nywele na ute. Hakukipangusa. Akafumba macho, akakichomeka katika sikio lake mwenyewe.

Kitu kilimwingia kama konokono anayejikunja apate nafasi.

"Mama, limetoka," Kitinda alisema. Alipiga kofi upande wa kushoto, akapiga tena. "Mbona huku hakuna sauti?"

Mama Masikio alimbusu upande ule uliokufa, akamrudisha nyumbani na kumwachia dada yake mkubwa, kisha akaingia ofisi ya mganga mkuu na kuweka funguo mezani, ameacha kazi. Mkuu alikuwa ameshaziba pua kwa leso.

Ametembea mitaa mitatu sasa, peke yake, mkono umeziba sikio, usaha ukimpita katikati ya vidole. Yule wa ndani hana hasira hata kidogo.

"Pumzika," anamwambia kwa upole. "Kisha tutafute kliniki nyingine. Mikono mizuri kama hii hawawezi kuinyima kazi."