Miiba Juu ya Shimo

Kila asubuhi Benigna aliteka maji bondeni mara mbili kabla hajawasha moto wa chai. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda, na ndoo kichwani, ilikuwa kazi ya punda. Kwa hiyo mumewe, Amedeus, aliposema kwamba mwaka huu watachimba kisima shambani kwao hapa Mpitimbi, Benigna alifurahi mpaka akamwongezea mboga.

Amedeus alikwisha kuchagua mahali. Mwisho wa shamba palikuwa na shimo la zamani, limefukiwa nusu. Baba yake alilinunua shamba likiwa na shimo hilo, na katika ukoo hakuna aliyejua nani alilichimba. Amedeus alisema nusu ya kazi imeshafanyika. Si mvivu, ila hapendi kuchoka bure.

Tatizo lilikuwa miiba. Miaka yote mtu alikuwa akilifunika shimo kwa matawi ya miiba, na hakuna aliyejali kumjua. Amedeus aliyaondoa Jumatatu, Alhamisi yakarudi. Akayaondoa tena, yakarudi tena. Siku moja alijibanza kwenye mahindi, akamwona mwenye miiba. Alikuwa Mzee Bakili, jirani yao, aliyehamia hapa kutoka Tunduru zamani sana, akiwa kijana.

Amedeus alimwamkia shikamoo, lakini moyoni alikuwa anachemka. Akamwuliza miiba ile ni ya nini. Mzee Bakili alijibu kwamba pale hapafai kwa kisima. Kwa nini hapafai? Hakusema. Alichukua panga lake akaenda zake.

Amedeus alipeleka habari kilabuni, na kilabuni jibu halikosekani. Aliambiwa kwamba Wajerumani walipokimbia vita walificha mali mashimoni. Mzee anayelinda shimo bila kusema neno anajua kilichomo. Tangu hapo Amedeus hakuwa na raha. Mzee Bakili akipita na gunia, Amedeus alitaka kujua gunia lina nini. Mzee akikohoa, Amedeus aliona anamwita mwenzake. Fundi wa kisima aliambiwa asubiri kwanza. Amedeus alitaka kuchimba peke yake.

Siku ya pili ya kuchimba, jembe liligonga bati. Alirudi nyumbani mbio na kopo lenye kutu. Uso ulijaa furaha, lakini macho yalikuwa yanamtoka machozi na mikono ilikuwa na vipele.

"Yapo mengi," alisema. "Mzee alidhani mimi nimelala."

Kopo lilinuka harufu kali iliyopanda mpaka kichwani. Ndani hamkuwa na rupia, zile fedha za Wajerumani. Mlikuwa na unga mweupe ulioganda. Benigna aliogopa. Alikumbuka kwamba kando ya shimo lile hata magugu hayaoti, na magugu ya Mpitimbi huota popote. Alimwambia mumewe aweke kopo mbali na kuku, anawe kwa sabuni na abadili nguo. Kisha akaenda mwenyewe kwa Mzee Bakili. Naye alimshuku mzee, tusifichane. Lakini aliona heri amwulize kuliko kumjadili pembeni.

Mzee alikuwa anapukuchua mahindi. Alirudia yale yale, kwamba wasichimbe.

"Mzee," alisema Benigna, "maji ya shimo lile nitapikia. Nitakunywa mimi na watakunywa wanangu. Kama kuna kitu, niambie sasa."

Mzee aliweka gunzi chini.

"Ni sumu, mama," alisema. "Niliifukia kwa mikono hii."

Akaeleza yote. Zamani alikuwa kibarua kwenye ghala moja la tumbaku ambalo sasa halipo. Dawa za kuulia wadudu zilipitwa na muda, msimamizi akamwamuru azifukie porini na asimwambie mtu. Baadaye pori likauzwa, likawa shamba. Mzee aliogopa kushtakiwa, akanyamaza na kuanza kukata miiba. Aliikata kwa zaidi ya miaka thelathini. Benigna alimwonea huruma, na hasira pia.

Kesho yake Benigna alimwita Walburga, afisa kilimo wa kata. Walburga hakushuka shimoni. Alisimama mbali, upande upepo unakotoka, akawataka wote wasimame naye. Alieleza kwamba dawa iliyopitwa na muda bado ni sumu. Hupita kwenye ngozi, huingia kwa pumzi, na mvua inaweza kuishusha mpaka kwenye maji ya kisima. Haichomwi, maana moshi wake pia ni sumu. Haimwagwi mtoni. Na kopo lake halitekewi maji, hata likioshwa mara mia.

"Ukikuta kitu usichokijua ardhini, usikiguse," alimwambia Amedeus. "Zuia watu na mifugo, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji. Na wewe leo hii nenda zahanati."

Amedeus alikwenda, akatibiwa, na vipele vikapona. Baada ya wiki chache walikuja watu wa halmashauri wamevaa glavu, barakoa na mabuti. Mzee Bakili aliwaonyesha makopo yalipoanzia na yalipoishia. Wakayafukua yote, wakayatia kwenye mapipa na kuyapeleka kwa wataalamu. Hakuna aliyemshtaki mzee. Maji ya bondeni yalipimwa, yakaonekana salama. Kisima kilichimbwa juu kabisa ya shamba, mbali na shimo, na siku hizi Benigna anachota maji huku chai inachemka.

Lakini udongo wa pale haukupona mara moja. Walburga alisema pasilimwe wala pasilishwe mifugo mpaka upimwe tena. Pakahitajika uzio. Mgongo wa Mzee Bakili ulikuwa umechoka, basi Amedeus ndiye aliyekata miiba.

Siku moja wanywaji wawili wa kilabuni walimkuta akiipanga. Wakatazamana. Mmoja akamsogelea na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Mnalinda nini humu, wewe na yule mzee?"

Amedeus alikumbuka kwamba naye aliwahi kuuliza swali hilo, akanyimwa jibu. Akaweka panga chini, akawaita wakae, akawaeleza tangu mwanzo.