Jina Lisiloandikwa Popote

Folda ya marehemu ilikuwa imefunguliwa asubuhi ile. Mama Funguo aliitazama tarehe kwenye kioo cha kompyuta, akapangusa miwani, akaitazama tena. Mumewe alikuwa na miezi minne kaburini.

Jina la Mama Funguo alipewa na wenzake kazini, kwa sababu akaunti za kampuni nzima zilikuwa mikononi mwake. Mafaili yao hayakukaa kwenye kompyuta ya mtu. Yalihifadhiwa kwenye seva, kompyuta kuu za matawi yote, nakala kwa nakala, na popote ulipoketi, ukishajitambulisha kwa neno lako la siri, folda yako ilikujia vilevile ulivyoiacha. Mtu akifa, akaunti yake ilifungwa siku hiyohiyo. Ya mumewe, aliyekuwa mhasibu wa kampuni hiyohiyo, ilimshinda kuifunga. Kila saa ya chakula, wenzake wakitoka kwa vicheko, alibaki peke yake akiyapitia mafaili ya marehemu, kama mtu anayenusa shati la aliyeondoka.

Siku hiyo alikuta faili jipya lenye neno moja: "Umekula?"

Ndivyo mumewe alivyomuuliza kila mchana. Mtu mwenye akili zake angekimbia. Yeye, kwa upweke aliokuwa nao, akaandika: "Bado."

Herufi zikajipanga chini ya zake. "Kula basi. Utaumwa."

Akatafuta ni kompyuta gani iliyojitambulisha kwa jina la mumewe. Ilikuwa ileile aliyoitumia marehemu, na sasa ilikaa stoo chini ya turubai, haina waya wa umeme wala wa mtandao. Alichukua ufunguo akaenda, na kabla hajafika mlangoni akasikia vitufe vikigongwa ndani, taratibu, kwa vidole viwili, jinsi mhasibu yule alivyogonga maisha yake yote, na alipofungua kukawa kimya, harufu ya udongo uliolowa ikamjaa puani, akainua turubai, akakuta vitufe vimelowa maji, tena vina joto.

Jioni alikwenda kwa mama yake mdogo, ambaye wenye majini walimfuata awasomee.

"Mumeo alikufa, mwanangu," mama mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni jini. Amekuta nyumba haina mwenyewe, na wewe mlango hukufunga."

"Lakini anajua kila kitu, mama! Hata ugomvi wetu wa mapazia."

"Mliwahi kuandikiana hayo?"

Waliandikiana.

"Basi amesoma tu. Muulize jambo ambalo hamkuliandika popote. Akishindwa, mfukuze. Lakini jibu usimpe wewe, hata akulilie. Ukimpa, umemkaribisha mwenyewe."

Hilo alilielewa upesi. Hata seva zake zilifanya hivyo: anayeingia na anayempokea kila mmoja humthibitishia mwenzake kwamba anaijua siri, na siri yenyewe haipiti njiani, asije akaidaka anayesikiliza.

Kesho yake mchana, ofisi ikiwa tupu, akaandika: "Ulikuwa unaniitaje taa zikishazimwa?"

Majina yakaanza kuja, mpenzi, malkia, mke wangu, yote waliyowahi kuandikiana, halafu majina ya wafanyakazi wa matawi mengine, wazima na waliokufa, mbiombio, ukurasa juu ya ukurasa, huku stoo vitufe vikigongwa kwa hasira na harufu ile ya udongo ikipenya chini ya mlango mpaka akakosa pumzi, na mwishoni kabisa: "Niambie wewe. Nimesahau. Huku giza."

Akaifunga akaunti. Akaifuta folda tawi kwa tawi, akilia kwa kwikwi. Stoo pakatulia, harufu ikaisha. Tawi moja la mbali aliliruka. Alijiambia amepitiwa.

Wiki zikapita. Nyumbani alipika kwenye sufuria ndogo, akaosha sahani moja. Kazini wenzake walimsalimia vizuri tu, wakatoka kwenda kula. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mchana mmoja akairudisha ile nakala ya tawi la mbali na kuifungua akaunti upya.

"Umekula?"

"Bado," akaandika. Alijua si mumewe. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote. Vidole vikabaki juu ya vitufe, kisha akaliandika lile jina, herufi moja baada ya nyingine. Mimi silitaji hapa.

Mlango wa stoo ukalia bawaba. Nyayo zilizolowa zikaja kwa mwendo anaoujua, zikapita meza moja, zikapita nyingine, zikasimama nyuma ya kiti chake, na mdomo wa baridi ukamwita sikioni kwa jina lile.

"Abee," Mama Funguo akaitika.