Chokaa Niliyomtilia Meja Kwenye Uji

"Mama Sarah, kwani huyo mbwa wako unamlisha nini?"

Hilo tu ndilo aliloniuliza jirani yangu, Bi Mwanarehema. Na kwa swali hilo nikamwita mchawi mbele ya watu!

Jamani, msinitukane kwanza. Nisomeni mpaka mwisho.

Mimi ni mjane, nakaa mtaa wa Chaani. Marehemu mume wangu, Gershom, alikuwa mlinzi wa ghala. Wiki mbili kabla hajafariki alikuja na kijibwa ndani ya katoni, mbegu ile ya mbwa wanaomfika mtu kiunoni.

"Huyu ni Meja. Mlee vizuri, mke wangu. Siku nikiwa sipo, atalala mlangoni badala yangu."

Nikacheka...

Baada ya wiki mbili nikamzika.

Basi Meja nikamshika kama amana. Asubuhi uji, mchana ugali na vichwa vya samaki, jioni uji tena. Akiitazama sufuria tu, namwongezea.

Na kwa kuwa nafuga kuku, nikajiambia, chokaa hii ya chakula cha kuku, inayokaza ganda la yai, si itamkaza na huyu mifupa? Nikawa namtilia kijiko kizima kwenye kila uji. Nakoroga huku naomba, "Bwana, mtie nguvu."

Miezi mitatu tu, Meja akawa anasimamisha watu njiani!

Ndipo Bi Mwanarehema akaja uani kwangu. Mama mtu mzima, mjane kama mimi, alihamia hapa mwaka jana kutoka mtaa wa Shika Adabu. Mbwa hamgusi kwa dini yake, hata kanga huikusanya akipita. Lakini siku hiyo alisimama akaikodolea macho miguu ya Meja.

"Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba. Mama Sarah, kwani huyo mbwa wako unamlisha nini?"

Kwetu mtu hakuulizii chakula cha kiumbe kilichonawiri hivi ila ana kijicho.

"Anakula anachojaliwa."

"Nakuuliza kwa wema, mwanangu..."

"Wewe na mbwa wapi na wapi?"

Akaenda zake.

Jumapili iliyofuata natoka kanisani, Meja hakuja kunipokea. Nikamkuta amelala. Miguu ya mbele imepinda kama upinde, vifundo vimevimba. Nilipomwinua alilia... wallahi, kama mtoto mchanga!

Sikuwaza mara mbili. Nikaenda mpaka mlangoni kwa yule mama.

"Toka nje! Umemtia jicho mbwa wangu! Mchawi wewe!"

Watu wakajaa. Nyamvula, mwenye genge la mboga, akanivuta mkono.

"Mama Sarah, chunga mdomo! Neno hilo huku kwetu linachomesha watu nyumba!"

Bi Mwanarehema alisimama na tasbihi yake. Akasema, "Haya." Akafunga mlango.

Jumatatu nikamwita daktari wa mifugo. Akampapasa Meja miguu, kisha akaniuliza... swali lile lile!

"Mama, huyu unamlisha nini?"

Nikamtajia vyote. Kufika kwenye chokaa, akaweka kalamu chini.

"Kijiko kizima? Tangu lini?"

"Tangu ana miezi miwili."

"Mama, mbwa mkubwa hakimbizwi kukua. Akiwa mdogo mwili wake haujui kuikataa chokaa ikizidi, mifupa inakwenda kombo. Na unene huu umeilemea. Mpe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, kwa kipimo, mara tatu kwa siku. Ukimpapasa, mbavu uzisikie. Chokaa waachie kuku."

"Atapona?"

"Maumivu yatapungua. Lakini mguu wa kushoto... sikudanganyi, mama. Hautanyooka."

Mikono yangu hii hii! Amana ya Gershom nimeipinda mwenyewe, kijiko kwa kijiko, huku naomba!

Siku tatu nilibisha kwa Bi Mwanarehema. Hakufungua.

Siku ya nne akaja mwenyewe. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, mama yangu. Ni chokaa. Ni mimi."

Akaketi kwenye kigoda, akamtazama Meja muda mrefu.

"Marehemu mume wangu alitunza mbwa wa tajiri mmoja kule Shelly Beach, miaka kumi na miwili. Mmoja alianza kupinda hivi hivi. Nilipomwona wako, nikajua. Siku ile nilikuja kukwambia, unampa chakula kupita kiasi."

Kisha akanigeukia.

"Wajukuu zangu hawaletwi tena kwangu, Mama Sarah. Mama yao kaambiwa mimi ni mchawi."

"Nitakwenda kwake! Nitapita nyumba kwa nyumba niseme ukweli!"

Na nimepita, ndugu zangu, zote. Wengine waliitikia kwa kichwa, wengine walicheka. Wajukuu hawajarudi. Ndiyo maana nawaandikia: anayekuuliza unalisha nini, mjibu kwanza. Huenda ndiye pekee aliyeona miguu ikipinda, wewe ukitazama unene.

Siku ile ya nne, kabla hajaondoka, Bi Mwanarehema alifungua pindo la kanga, akatoa kikombe cha bati, kikuukuu, kina alama iliyokwaruzwa kwa msumari ndani.

"Mume wangu alikuwa akiwapimia mbwa wale kwa hiki. Usiipite alama."

Akainuka, akakiweka juu ya kigoda. Meja alikuwa amelala mlangoni, pale pale Gershom alipomtaka alale. Akajaribu kuinuka ampishe, akashindwa.

Bi Mwanarehema akakusanya kanga yake, akamruka polepole, akatoka.