Gari la Marehemu Kaka

Rafiki yangu mmoja alimpokonya mjane wa kaka yake gari hata udongo wa kaburi haujakauka. Mjane hakulia. Alimwambia tu, "Chukua, shemeji. Litalia lenyewe."

Tangu siku hiyo, kila akikata kona, usukani ulilia kwiii. Fundi akaingia uvunguni gizani, akabadilisha kiungo kilichokauka, akakipaka grisi. Walipojaribu kuuzungusha, kimya.

"Mwambieni yule mwanamke limenyamaza!" rafiki yangu akacheka, akashuka, akaenda kusimama mlangoni pa gereji. Fundi akarudi chini kukaza nati. Rafiki yangu akageuza shingo kumtazama.

Kwiii.

"Bosi," fundi akasema kutoka uvunguni, "hebu acha kwanza kuugusa usukani."

Rafiki yangu akatoa mikono mfukoni, akaishika shingo yake.